Kinyama kimepimwa, si saratani. Sasa kwa nini bado unasubiri matibabu?

Mtu akirudi nyumbani na kusema “wamenikata kinyama wakapime,” nyumba nzima hushusha sauti. Hakosekani wa kunong'ona kwamba hiyo ni kansa, maana hospitali haikati nyama ya mtu bure. Hakosekani pia wa kulaumu: uvimbe ulikuwa umejitulia, sasa wameuchokoza kwa chuma. Majibu yakitoka na kusema si saratani, watu hushusha pumzi, halafu daktari anatamka maneno yanayowachanganya kuliko yote yaliyotangulia: “Tutakupangia tarehe ya upasuaji,” au “Urudi baada ya miezi sita tuangalie tena.” Kama si saratani, upasuaji wa nini? Na kama upasuaji unahitajika, kwa nini usifanyike leo?

Maswali hayo ni ya haki, ila karatasi ya majibu peke yake haiwezi kuyajibu. Karatasi ile inaeleza jambo moja tu, kwamba seli zilizochukuliwa ni za aina gani. Matibabu hupangwa kwa kuangalia mengine mawili: uvimbe umekaa wapi, na unafanya nini hapo ulipokaa. Ukishayatenganisha mambo haya matatu, sehemu kubwa ya fumbo hujifumbua yenyewe.

Uvimbe upi tunaouzungumzia

Uvimbe tunaousema hapa ni mkusanyiko wa seli zilizozaliana kupita mahitaji ya mwili. Jipu halimo, maana hilo ni usaha. Mtoki haumo, maana hiyo ni tezi iliyovimba kwa kupambana na maambukizi. Na uvimbe maji, kile kifuko chenye majimaji ndani, una mambo yake. Kwa kupapasa tu, hata daktari mzoefu anaweza kuvichanganya vyote hivi, na hapo ndipo haja ya vipimo inapoanzia.

Uvimbe wa saratani hupenya. Seli zake huingia ndani ya nyama ya jirani, na zikipata njia ya damu au ya limfu husafiri na kuota mbali, kwenye ini, mapafu au mifupa. Uvimbe usio wa saratani hubaki pale ulipoanzia. Unakua, kwa kawaida polepole, ukiwasukuma majirani bila kuwapenya, na aghalabu una ganda au mpaka unaoutenga. Lipoma, yaani uvimbe wa mafuta chini ya ngozi, ni wa kundi hili. Fibroadenoma ya titi, ile inayowapata zaidi wasichana na wanawake vijana na kuteleza chini ya vidole, nayo imo. Fibroidi za kizazi ndizo maarufu kuliko zote: utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2003 ulikadiria kwamba wanawake wanapofikia miaka 50, karibu asilimia 70 ya weupe na zaidi ya asilimia 80 ya weusi huwa wamewahi kuzipata. Wengi hawajui hata kama wanazo.

Kuna vipimo viwili vya mtaani ambavyo havifai: ukubwa na maumivu. Lipoma inaweza kupita sentimita 10 na ikabaki lipoma. Saratani nyingi, kwa upande mwingine, mwanzoni haziumi kabisa. Kwa hiyo “hauniumi” si sababu ya kukaa na uvimbe mpya bila kuuonyesha.

Kinyama kinavyochukuliwa, na kinachoweza kusema

Biopsi, au kukatwa kinyama kama wengi wanavyoita, ni kuchukua sehemu ya uvimbe ili itazamwe kwa hadubini. Daktari haagizi kipimo hiki kwa sababu ameshajua ni saratani na anaficha. Anakiagiza kwa sababu hajajua. Angekuwa anajua, asingekihitaji. Kuna hata vimbe ambazo hazikatwi kinyama kabla ya matibabu kwa kuwa picha imeshazitambulisha. Fibroidi nyingi hutambuliwa kwa altrasaundi tu, na meninjioma, ule uvimbe wa utando unaofunika ubongo, mara nyingi huonekana wazi kwenye picha ya MRI.

Njia za kuchukua kinyama hazilingani, na mgonjwa anafaa kujua amefanyiwa ipi. Sindano nyembamba, sawa na ya kutolea damu au hata ndogo zaidi, hufyonza seli chache zilizotawanyika. Sindano nene hukata vijiti vyembamba vya nyama; ina springi ndani, na mlio wake wa ghafla huwashtua watu kuliko mchomo wenyewe. Kwa ngozi kuna kisu cha duara chenye upana wa milimita 3 au 4. Kwa tumbo na utumbo hutumika mpira wenye kamera na koleo dogo mbele. Pale inapobidi, daktari wa upasuaji hukata kipande kwa kisu, au huutoa uvimbe wote ukiwa mdogo, na hapo kipimo na matibabu vinakuwa kitu kimoja.

Maumivu? Kwa vimbe za karibu na ngozi kinachouma zaidi huwa ni sindano ya ganzi, inayowaka kwa sekunde chache. Baada ya hapo unahisi kusukumwa na kukandamizwa. Siku zinazofuata panaweza kuvilia damu na kugeuka rangi, kisha pakarudi sawa. Unayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama aspirini au warfarini, mwambie daktari kabla ya siku yenyewe, na usiziache kwa uamuzi wako. Kuna wagonjwa ambao kuziacha ni hatari kubwa kuliko kutoka damu kidogo.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, halielezwi vya kutosha. Wanunuzi wa nafaka wanalijua bambo, kile kichuma chenye mfereji kinachochomwa kwenye gunia ili kutoa punje chache na kuzikagua bila kulifungua gunia lote. Sindano ya biopsi ni bambo. Ukilichoma, utajua kwa uhakika kilichomo pale lilipopita. Lakini kuna mambo mawili ambayo bambo haliwezi kukwambia.

La kwanza ni hali ya kona ambayo halikufika. Nafaka inaweza kuwa safi katikati na imeoza pembeni. Ndiyo sababu siku hizi sindano nyingi huongozwa na altrasaundi au picha za mashine ya CT, ili ncha ifike mahali panapotiliwa shaka hasa, na ndiyo sababu sindano nene huchukua vijiti kadhaa badala ya kimoja. Kwa titi, madaktari hutumia kanuni ya mambo matatu: walichopapasa, walichoona kwenye picha, na walichosoma kwenye kinyama. Yote matatu yakikubaliana, wanatulia. Picha ikionekana mbaya huku kinyama kikisema hakuna kitu, hawatangazi ushindi, wanarudia kipimo. Mgonjwa anayeitwa kurudia biopsi kwa namna hii hudhani kuna uzembe uliofanyika, kumbe pengine huo ndio uangalifu wenyewe.

La pili ni kama gunia limetoboka upande wa pili. Punje ni zilezile, ziwe ndani ya gunia zima au lililochanika. Mfano mzuri ni tezi ya thairoidi, ile ya mbele ya shingo. Ipo aina ya uvimbe wa tezi hiyo, unaoitwa adenoma ya folikuli, ambao seli zake zikitazamwa moja moja zinafanana na za saratani ya folikuli. Tofauti ipo kwenye ganda: je, seli zimelipenya au zimeingia kwenye mishipa ya damu? Sindano nyembamba inaleta seli bila ganda, kwa hiyo haina uwezo wa kujibu swali hilo, hata ishikwe na mkono hodari namna gani. Majibu ya sindano ya tezi hii hupangwa kwa mfumo uliopewa jina la Bethesda, mji wa jimbo la Maryland, Marekani, ambako wataalamu walikutana mwaka 2007. Mfumo una makundi sita. Kundi la kwanza maana yake sampuli haikutosha, la pili si saratani, la sita ni saratani. La tatu na la nne ni eneo la ukungu. Aliyeangukia hapo anaweza kuambiwa nusu ya tezi itolewe ili ganda lote likaguliwe. Akienda kwa hofu kwamba “wamegundua kansa wananificha,” hajaambiwa ukweli unaomstahili, yaani kwamba anafanyiwa upasuaji ili ijulikane.

Hii inatuleta kwenye lugha ya karatasi ya majibu. Sentensi mbili zinazofanana zinaweza kuwa na uzito tofauti kabisa. Ya kwanza: “Hii ni fibroadenoma.” Hapo uvimbe umepewa jina, na jina hilo lina historia na tabia inayojulikana. Ya pili: “Katika sampuli hii hakuna seli za saratani zilizoonekana.” Hapo kumetajwa tu kisichoonekana, na bado hatujui kilichopo ni nini. Ya pili si mbaya, lakini mwenye nayo anayo haki ya kuuliza: sasa uvimbe wangu unaitwaje, na je, jibu hili linakubaliana na picha? Na ipo ya tatu, “sampuli haitoshi,” ambayo watu huisoma kama habari njema au mbaya kulingana na siku walivyoamka. Haina habari yoyote ndani yake. Ni kurudia tu.

Kinyama kinafanya nini muda wote huo?

Simu za “majibu bado?” husababisha ugomvi mwingi kwenye madirisha ya maabara, kwa hiyo inafaa kujua kinachoendelea nyuma ya dirisha.

Kinyama kikitoka mwilini hutumbukizwa kwenye formalini, dawa inayokizuia kuoza na inayokikaza katika umbo lake. Formalini hupenya nyama polepole, takriban milimita moja kwa saa. Kwa kinyama cha titi, mwongozo wa kimataifa unataka kikae humo si chini ya saa 6 na si zaidi ya saa 72, kwani kikiwahi au kikichelewa vipimo vya ziada vinaweza kudanganya. Kisha maji yote hutolewa kwa alkoholi ya nguvu inayopanda hatua kwa hatua, na nafasi yake inachukuliwa na nta ya parafini, mpaka kinyama kinakuwa kimegandishwa ndani ya kitofali cha nta. Kitofali hicho hukatwa kwa mashine kuwa utepe wenye unene wa mikromita 3 hadi 5, wakati unywele wa kichwani una kama 70. Utepe unabandikwa kwenye kioo na kupakwa rangi mbili: himatoksilini, inayotokana na mti, hugeuza viini vya seli kuwa vya buluu, na eosini hugeuza sehemu iliyobaki kuwa ya waridi. Hapo ndipo mwanapatholojia anapoketi na hadubini.

Yeye ni daktari ambaye mgonjwa hamwoni kabisa, na ndiye mwenye kauli ya mwisho kuhusu jina la uvimbe. Anaangalia kama viini vimekuwa vikubwa kupita kawaida, kama seli zinagawanyika ovyo, kama zimepangana kwa utaratibu, kama mpaka umevunjwa. Akiridhika, anaandika. Asiporidhika, anaagiza rangi nyingine zinazotumia kingamwili kutambua protini fulani, na hiyo ni siku nyingine au zaidi. Akiwa bado na shaka, humwita mwenzake au hutuma vioo kwa bingwa wa kiungo hicho. Kinyama chenye mfupa ndicho kinachochelewa zaidi, kwa sababu lazima kwanza kiondolewe chokaa ndipo kikatike, kazi inayoweza kula siku kadhaa na hata wiki.

Kwa hiyo majibu kuchelewa hayamaanishi kwamba ni mabaya. Yanaweza kuchelewa kwa sababu ya mfupa, ya rangi za ziada, ya wanapatholojia wachache wenye rundo la kazi, au, tuseme ukweli, ya karatasi iliyolala kwenye meza ya mtu. Hilo la mwisho linatibika kwa kuuliza. Ipo njia ya haraka ya kugandisha kinyama kwa baridi na kukisoma ndani ya dakika 20 hadi 30 mgonjwa akiwa bado mezani, lakini picha yake ni hafifu, na hutumika pale tu ambapo jibu litabadilisha hatua inayofuata ya upasuaji.

Chuma kinausambaza uvimbe?

Hofu hii isichekwe, maana ina chembe ya ukweli. Kwa saratani chache, seli zinaweza kubaki kwenye njia ya sindano na kuota. Iliyochunguzwa zaidi ni saratani ya ini: mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2008 yalikuta jambo hilo kwa takriban asilimia 2.7 ya waliochomwa. Kwa korodani inayoshukiwa, madaktari hawachomi sindano kupitia mfuko wake. Huitoa yote kupitia kinenani. Kwa saratani za misuli na mifupa, njia ya sindano hupangwa na daktari wa upasuaji ili siku ya kutoa uvimbe ikatwe pamoja nao. Hata kati ya vimbe zisizo saratani upo mmoja unaotaka adabu: ule wa tezi ya mate mbele ya sikio unaoitwa adenoma pleomofiki. Ganda lake likipasuliwa wakati wa kuutoa, vipande vinaweza kumwagika na kuota tena vikiwa vingi, kwa hivyo hutolewa pamoja na nyama inayouzunguka.

Yaani hatari hii wataalamu wanaijua, na njia ya biopsi huchaguliwa kwa kuizingatia. Jambo ambalo si kweli ni ile kauli ya jumla kwamba kugusa uvimbe kwa chuma huugeuza kuwa saratani. Fibroadenoma iliyochomwa sindano inabaki fibroadenoma. Nadhani kauli hiyo ilizaliwa kutokana na wagonjwa waliofika hospitali saratani ikiwa imeshatapakaa. Walipasuliwa, wakafariki muda mfupi baadaye, na kisu kikabeba lawama ya miezi iliyotangulia.

“Si saratani” haina maana ya “si kitu”

Hapa ndipo mahali unapokaa uvimbe panapokuwa na neno. Lipoma ya mgongoni inaweza kukaa miaka bila kumsumbua mtu, na kuiacha ni uamuzi wa busara kabisa. Meninjioma ya ukubwa huohuo, ndani ya fuvu lisilotanuka, inaweza kuleta kifafa au kupooza mkono. Uvimbe wa tezi ya pituitari, chini ya ubongo, unaweza kukandamiza njia ya mishipa ya macho, na mtu akaanza kugonga vitu vya pembeni bila kujua kwa nini. Ameloblastoma ya taya haihesabiwi kuwa saratani, lakini hula mfupa wa taya, na ikikwanguliwa juujuu hurudi, kiasi kwamba mara nyingi hutolewa pamoja na sehemu ya mfupa usio na ugonjwa. Fibroidi iliyochomoza ndani ya kizazi, hata ikiwa ndogo, inaweza kumwaga damu kila mwezi mpaka mwenyewe akapungukiwa damu vibaya, ilhali kubwa iliyo nje ya ukuta ikakaa kimya.

Kisha kuna swali la kugeuka. Je, uvimbe usio saratani utakuja kuwa saratani? Wengi hawageuki. Saratani ya misuli ya kizazi ni nadra sana na kwa sehemu kubwa huanza kivyake badala ya kutokana na fibroidi, na lipoma vivyo hivyo haina tabia ya kugeuka. Lakini polipu za utumbo mpana, yaani vinyama vinavyoota kwenye ukuta wake wa ndani, za aina ya adenoma ni habari nyingine: baadhi yake, kwa mwendo wa miaka mingi, mara nyingi kama kumi, hugeuka, na ndiyo maana zinatolewa palepale zikionekana kwenye kamera. Kwa hiyo anayesema “vimbe zote hugeuka” na anayesema “hazigeuki kamwe” wote wawili wamekosea. Jina la uvimbe ndilo linalojibu, ndiyo sababu nimesisitiza lijulikane.

Kusubiri kwa aina tatu

Mgonjwa anayeambiwa asubiri anaweza kuwa katika mojawapo ya hali tatu tofauti, na mara nyingi haambiwi ni ipi.

Huenda kusubiri ndiyo matibabu. Uvimbe una jina linaloeleweka, hausumbui, na kuutoa kunaweza kuleta madhara kuliko kuuacha. Hapo hupangwa picha baada ya miezi kadhaa, na ukiwa haujabadilika, muda kati ya picha huongezwa. Fibroadenoma nyingi na meninjioma ndogo zinazogunduliwa kwa bahati huangaliwa hivi. Baadhi ya vimbe hata hupungua zenyewe. Fibroidi husinyaa baada ya hedhi kukoma, na hemanjioma, ule uvimbe mwekundu wa mishipa ya damu kwa watoto wachanga, hukua kwa miezi na kisha kufifia kwa miaka. Wauzaji wa dawa za “kuyeyusha uvimbe” wanaishi kwa hisani ya jambo hili: uvimbe ungepungua kwa hali yoyote, ila chupa ikapata sifa.

Huenda kusubiri ni maandalizi. Mwenye fibroidi aliyepungukiwa damu huongezewa madini ya chuma, na pengine dawa za kusimamisha hedhi, ili aingie chumba cha upasuaji akiwa na akiba. Mfano mkali zaidi ni feokromositoma, uvimbe wa tezi iliyo juu ya figo unaomwaga adrenalini. Huo hauchomwi sindano ovyo, maana kuuchokoza kunaweza kupandisha presha kwa kiwango cha kuua. Mgonjwa hupewa dawa za kulegeza mishipa ya damu kwa siku 7 hadi 14 ndipo apasuliwe. Anayelalamika kwamba wiki mbili zinapotea bure hajui kwamba wiki hizo ndizo zinazomlinda siku ya upasuaji. Mara nyingine dawa hufuta kabisa haja ya kisu. Vimbe za pituitari zinazotoa homoni ya prolaktini nyingi husinyaa kwa vidonge, na mwaka 2008 madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, waliripoti kwamba propranololi, dawa ya zamani ya moyo na presha, huipunguza hemanjioma ya watoto. Sasa ni dawa ya kwanza kwa zile zinazotishia jicho au njia ya hewa.

Na huenda kusubiri ni foleni tu. Vyumba vya upasuaji ni vichache, wenye saratani na majeruhi wanatangulizwa, na uvimbe usio saratani unasogezwa nyuma. Hili ndilo watu wa hospitali wanaloona haya kulisema wazi, na ndilo mgonjwa anapaswa kulijua kuliko yote, kwa sababu foleni haitazami uvimbe. Aliye kwenye uangalizi anafuatiliwa kwa picha. Aliye kwenye foleni hafuatiliwi na mtu, isipokuwa yeye mwenyewe apige simu. Muulize daktari bila kuzunguka: nasubiri kwa sababu uvimbe unaruhusu, kwa sababu naandaliwa, au kwa sababu nafasi hakuna? Na ikiwa ni la tatu, ni mabadiliko gani yatanisogeza mbele?

Baadhi ya mabadiliko hayasubiri jibu la mtu: uvimbe uliokaa miezi ukaanza kukua kwa kasi, ngozi yake kuchubuka au kutoa damu, kupumua au kumeza kwa shida, mkono au mguu kupoteza nguvu, kushindwa kuzuia mkojo, kuona kupungua, kichwa kuuma asubuhi pamoja na kutapika, au kizunguzungu na mapigo ya moyo ya kasi kwa anayetokwa damu nyingi. Mahali palipokatwa kinyama pakipata joto, usaha au homa, napo parudishwe kuangaliwa. Mwenye dalili hizi haendi kwenye dirisha la tarehe za miadi. Anakwenda mapokezi ya dharura akiwa na karatasi zake.

Siku ya upasuaji ikifika na uvimbe ukatoka, kazi ya maabara inaanza upya, safari hii kwa uvimbe mzima. Majibu ya pili yana nguvu kuliko ya kwanza kwa sababu sasa ganda lipo na kona zote zipo, na mara chache yanaweza kulibadilisha jina la mwanzo. Kwa hiyo usiondoke na kidonda kilichopona ukadhani umemaliza, rudi uyachukue. Omba nakala ya ripoti zote mbili na utunze namba ya sampuli, kwani vile vitofali vya nta havitupwi. Kanuni za Chuo cha Wanapatholojia cha Marekani, kwa mfano, zinataka vihifadhiwe miaka 10. Ukitaka daktari mwingine atoe maoni, kitofali kilekile hukatwa utepe mpya ukasomwa upya, bila wewe kuguswa na sindano nyingine.